Nguo za Mtu Aliye Hai

Albina alirudi kutoka soko la nguo la Shisanhang, mjini Guangzhou, mchana, mabega yanamuuma kwa kubeba sampuli za magauni, akamkuta baba mkwe wake amekaa kwenye kigoda katikati ya sebule anakunja nguo za mkewe. Alikuwa akizikunja kwa uangalifu, mikono ya mashati ndani, kola juu, kama mtu anayepanga duka. Mbele yake palikuwa na mfuko mkubwa wa mistari, ule ambao kwao Bukoba watu huuita shangazi kaja, na ulikwisha kujaa nusu.

"Baba, unafanya nini?"

"Hizi utazipeleka kwenu," alisema Mzee Liang bila kuinua uso. "Kontena lenu si linaondoka karibuni? Ni nguo nzuri, hazijachakaa. Watu watazivaa."

Albina aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha ndani. Ulikuwa umerudishiwa tu. Nyuma yake mama mkwe alikuwa amelala, na pumzi yake ilisikika mpaka sebuleni, nzito, yenye kukwaruza.

"Mwenyewe yupo, Baba," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua yupo. Si nimempikia uji asubuhi?" Mzee aliilaza sweta juu ya goti, akaipapasa mpaka mikunjo ikatoka. "Ndiyo maana nazitoa leo. Nikingoja siku yenyewe, mikono hii haitaweza."

Kichina cha Albina kilikuwa cha sokoni. Alijua kuuliza bei, kuikataa, na kumwita kila mwenye duka laoban, bosi, hata akiwa msichana mdogo anayetafuna ubani. Maneno ya mambo kama haya hakuwa nayo. Kwao, mtu anayekusanya nguo za mgonjwa angali anapumua angeitishiwa kikao cha ukoo, aulizwe ana haraka gani. Hapa hapakuwa na ukoo wa kuita. Palikuwa na nyumba ya ghorofa ya sita isiyo na lifti, vyumba viwili, na watu wanne waliochoka.

"Nisaidie, mwanangu," mzee alisema, na safari hii aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

Albina alichukua mfuko.

Saratani ya Mama Liang ilianzia nyuma ya pua, ugonjwa ambao watu wa Guangzhou wanaufahamu kama watu wa pwani wanavyofahamu malaria. Ikashuka shingoni, ikafika kwenye ini. Mvua zilipokatika, daktari aliwaita Mzee Liang na mwanawe Jiaming, mume wa Albina, akawaambia kwenye korido kwamba dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Jiaming alirudi nyumbani akafungua bomba la jikoni, akalitengeneza, ingawa halikuwa limeharibika. Alikuwa fundi wa lifti, na mikono yake haikujua kukaa bure.

Mzee Liang hakutengeneza kitu wala hakusema kitu. Aliendelea kwenda sokoni alfajiri kuchagua samaki aliye hai, kuchemsha supu taratibu, kufua mashuka, kuyaanika kwenye fito za dirishani. Ila tangu siku ya korido hakuingia tena chumbani mkewe akiwa macho. Alihamia kwenye kochi, akasema anamwachia mgonjwa nafasi. Bakuli la chakula alimkabidhi Albina mlangoni. Akisikia kikohozi, alifungua maji, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwanzoni Albina alimchukia kwa hilo. Baadaye hakuwa na nguvu za kumchukia mtu. Wateja wake wa Mwanza na Bukoba walikuwa wakimtumia ujumbe wa sauti wakilalamika kwamba picha za nguo mpya haziji, wengine wakahamia kwa wachuuzi wenzake. Alisikiliza ujumbe ule huku anamgeuza mama mkwe ubavu, na hakumjibu hata mmoja.

Siku ya kwenda kuchukua dawa za maumivu, Albina ndiye aliyempeleka mama mkwe hospitali, maana Jiaming alikuwa kazini na mzee alisema magoti yanamsumbua. Walikaa kwenye viti vya kusubiri. Mwanamke mmoja wa makamo, kichwa chake kimefungwa kitambaa, aliyekuwa amekaa pembeni yao, alimtazama Albina kuanzia viatu hadi nywele, kisha akamwinamia Mama Liang.

"Huyu mfanyakazi umemtoa kwa wakala gani? Wa kwetu siku hizi hawapatikani, na wakipatikana wana midomo."

Albina alielewa kila neno. Alijishughulisha na zipu ya mkoba.

"Sijamtoa kwa wakala," Mama Liang alisema. Mionzi ilikuwa imemkausha koo, na kila neno lilitoka kama linakwanguliwa. "Alikuja mwenyewe akaolewa na mwanangu."

"Aa." Mwanamke alicheka kwa aibu. "Na anakuogesha?"

"Ananiogesha. Wewe, wa kwako wako wapi?"

Mwanamke yule alikuwa peke yake, na alipoitwa alinyanyuka kwa kushika ukuta.

Ndani ya teksi Mama Liang alifumba macho. Albina alidhani amelala, kumbe hakulala.

"Nimemsema vibaya yule," alisema. "Sijui hata kama ana watoto."

"Na yeye amenisema vibaya, Mama."

"Amekusema kwa kutojua. Mimi nimemsema nikijua." Walipovuka daraja akauliza, "Baba yako anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala, Mama."

"Mbona simwoni?"

Albina alitazama nje, pikipiki za umeme zikipita na maboksi ya chakula. "Ana kazi nyingi," alisema. Akajisikia mwongo, na uongo wenyewe hata haukuwa mzuri.

Baridi iliingia ghafla, baridi ile ya Guangzhou ya unyevu, inayopenya mpaka kwenye mifupa kwa sababu nyumba hazina moto wala kipasha joto. Albina alikuwa jikoni na baba mkwe, anamenya tangawizi, aliposikia mlango wa kabati unafunguliwa chumbani. Alikimbia, lakini alichelewa.

Mama Liang alikuwa amesimama kwa miguu yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya peke yake kwa siku nyingi, ameshika mlango wa kabati kwa mikono miwili. Ndani palikuwa na hanga tupu na harufu ya dawa ya nondo.

"Nilitaka koti langu la buluu," alisema.

"Rudi kitandani, Mama, nitakuletea langu."

"Nguo zangu ziko wapi?"

"Zimepelekwa kufuliwa."

"Zote?"

Albina alimshika kiwiko. Mama Liang hakusogea. Alikuwa anasikiliza. Jikoni maji yalikuwa yamefunguliwa kwa nguvu, na vyombo vinagongana.

"Aha," alisema Mama Liang. Akajirudisha kitandani mwenyewe, akageukia ukutani.

Hakupiga kelele wala hakulia. Ila Albina alipompelekea supu, hakufungua mdomo. Jioni hakufungua mdomo. Kesho yake asubuhi Albina alipiga magoti, akamsihi, akapuliza uji, akaonja mwenyewe kumwonyesha haujaunguza.

"Mpe mtu aliyepo," mama mkwe alisema. "Mimi nimeshahamishwa."

Jiaming aliposikia alikuja kutoka kazini kabla ya wakati, bado amevaa fulana ya kampuni yenye mafuta kifuani. Hakuvua hata viatu.

"Umemzika mama yangu huku anasikia!"

"Punguza sauti," alisema Mzee Liang.

"Kwa ajili ya nani? Kwako si ameshaondoka?"

Mzee alikuwa ameshika kisu cha kukatia mboga. Alikiweka chini taratibu. "Wewe unashinda kwenye lifti za watu. Ukirudi amelala, ukiondoka amelala. Siku ikifika utalia, halafu una mke, una kazi, una lifti zako. Atakayebaki na kabati hilo ni mimi. Atakayefungua mlango huo kila siku ni mimi. Nilitaka nikifungua nilikute tupu kama nilivyolizoea."

Jiaming alijitupa kwenye kochi, juu ya blanketi la baba yake, akafunika uso kwa mikono yenye mafuta. Mzee alimtazama, akanyoosha mkono kama anataka kumgusa, akaurudisha kwenye kisu.

Albina alikuwa amesimama katikati yao na bakuli la uji uliopoa. Aliona kwamba wote wawili wana haki, na hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Mama yake mzazi alifariki Bukoba kwa ghafla, na habari ilimkuta Shisanhang kati ya malundo ya jinzi, simu imebanwa begani, mikono inahesabu suruali. Tangu siku ile aliamini kwamba waliopewa muda wa kujiandaa wamependelewa. Sasa alikuwa anautazama huo muda, na aliona nao unaua kwa namna yake.

Aliweka bakuli mezani, akachukua mkoba wake, akatoka.

Stoo ya Vedasto ilikuwa uchochoroni nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kupita migahawa ya nyama choma ya kondoo. Vedasto alikuwa mtu wa Muleba, wakala wa mizigo, mtu anayepiga simu tatu kwa wakati mmoja na zote anazikumbuka. Alimwona Albina mlangoni akajua kuna balaa.

"Dada Albina, usiniambie unaongeza. Pamejaa. Lori linakwenda bandarini Nansha leo hii."

"Siongezi. Napunguza. Ule mfuko wa mistari niliouleta."

"Upo chini ya marobota." Alionyesha kwa kidevu. Marobota yalipanda mpaka karibu na dari ya lori. "Unataka nishushe mzigo wa watu kwa mfuko mmoja wa mitumba?"

"Ndiyo."

"Za marehemu?"

"Si marehemu. Yupo hai. Mama mkwe wangu."

Vedasto alikata simu aliyokuwa ameishika. "Sasa mbona zikaja kwangu?"

"Nilichoka, Vedasto. Niliombwa nikakubali, kwa sababu kukataa kunataka nguvu."

Alisubiri amfokee, na angefurahi kufokewa. Vedasto alivua koti lake, akawaita wapakizi wawili wa Kichina waliokuwa wanavuta sigara nje, akawaambia washushe. Walipobisha, akapanda mwenyewe.

"Mzee wangu alipokuwa anaumwa," alisema kutoka juu, anavuta robota, "shangazi zangu walikuwa wanaitazama redio yake. Kila anayekuja kumjulia hali anaitazama kwanza redio. Mzee akaona. Unajua alifanyaje? Akaanza kuilalia. Tulimkuta kaikumbatia, mbavu zina alama za vifungo vyake."

Albina alicheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani, wapakizi wakatazamana, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Vedasto akajifanya anatafuta mfuko mpaka Albina alipomaliza.

Albina alipanda ghorofa zote sita na mfuko mgongoni, akipumzika kila kibaraza. Mzee Liang ndiye aliyemfungulia. Aliuona mfuko, akajibana ukutani kumpisha, kisha akaenda jikoni. Maji yakafunguliwa. Jiaming alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, ameushika mkono wake, bakuli jingine la uji limepoa mbele yake.

Albina alivuta zipu. "Mama, nguo zako. Zote zipo."

Mama Liang alimwacha amtandazie koti la buluu magotini. Aligusa kitufe kimoja, kingine, akalisogeza pembeni.

"Nguo si neno," alisema. "Zipeleke kwenu. Nilitaka nikwambie hivyohivyo mwenyewe, ila nilitaka tuzipange wote."

"Basi mbona huli, Mama?"

Mama Liang alivuta pumzi kwa taabu. Mlango ulikuwa wazi, na hakupunguza sauti ile ndogo aliyobaki nayo.

"Kwa sababu baba yenu anajizoesha. Anazoea nyumba isiyo na mimi. Sawa, ana miaka ya kuishi, azoee. Lakini na mimi naachana naye. Naachana naye, naachana na wewe, na Jiaming, na dirisha hilo, na kelele za watoto wa chini, vyote kwa mpigo mmoja. Yeye anapoteza mtu mmoja. Mimi napoteza kila mtu. Nani ananizoesha mimi?"

Jiaming aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa godoro.

Jikoni maji yalifungwa.

Mzee Liang alikuja akasimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, mikono inadondosha maji. Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana usoni tangu mvua zikatike.

"Umekonda," alisema mkewe.

"Wewe ndiye umekonda."

"Mimi nina sababu."

Mzee aliingia hatua moja. "Nilidhani nikianza mapema itaniuma kidogo kidogo."

"Imekuuma kidogo?"

"Hapana."

"Basi umepata hasara," alisema Mama Liang. "Ulete uji, na uwe wa moto."

Aliupasha, akauleta, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kumlisha mwenyewe. Alikuwa hajui. Alijaza kijiko mno, akamwagia shingoni, akamfuta kwa mkono wa shati lake, mkewe akamwambia anamlisha kama anamwagilia mboga. Jiaming alitoka kwenda kunawa uso. Albina alitoka mpaka nje kabisa, akakaa kwenye ngazi, akaegemea ukuta wa baridi akalala hapohapo. Jirani wa juu alimruka na kapu lake la vitunguu, hakumwamsha.

Mtu asidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Mzee Liang alirudi kulala kitandani kwake, ila kama muuguzi hakufaa. Alisahau saa za dawa, aligombana na mkewe juu ya chumvi, mara mbili alimpandishia sauti akaenda kukaa na aibu yake jikoni. Alilia mbele yake. Kuna siku mkewe alimwambia alie baadaye, amechoka; na kuna siku alimwomba asitoke, akae alie palepale, naye alie. Jiaming aliomba likizo, akapewa nusu ya aliyoomba. Albina alianza kutuma picha za nguo tena, mbili tatu kwa siku, akiwa chooni, mahali pekee ambapo hakuna aliyemwita.

Walimlilia akiwepo, na yeye akajililia pamoja nao. Maumivu hayakupungua kwa hilo, lakini nyumba haikuwa tena na maji yanayotiririka kuzuia kikohozi.

Mama Liang alifariki baada ya mwaka mpya wa Kichina, msimu ule ambapo kuta za Guangzhou hutoa jasho na nguo hazikauki. Ilikuwa asubuhi, Jiaming ameinua pazia, mzee ameshika nyayo za mkewe kwa sababu mwenyewe alisema zina baridi. Albina alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Aliona pamba haivutwi tena, akajua kabla yao, akawaachia kidogo wakae bila kujua.

Maziko yalikuwa ya haraka. Kwenye ukumbi wa kuagia, familia nyingine ilikuwa imeshapanga foleni mlangoni na maua yao, na mhudumu aliwaomba kwa heshima wasogee. Wakasogea. Jiaming akabaki mjini kumalizia taratibu, Albina akarudi na baba mkwe. Walipanda ngazi polepole bila kuongea.

Ndani, mzee alivua viatu, akaviweka sawa, akaingia chumbani. Albina akasubiri. Alipochungulia alimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, kama mtu aliyetumwa kitu akasahau.

"Nilidhani nimeshalia," mzee alisema. "Miezi yote ile. Nilidhani nimeshamaliza."

Akashika mlango wa kabati kujizuia, na safari hii magoti hayakuwa ya kusingizia.

Albina alivuta blanketi kutoka kitandani, akalitandika sakafuni juu ya vigae vyenye unyevu, akakaa, akanyoosha miguu. Akamvuta mzee kwa mkono wa shati. Mzee Liang, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukaa chini mbele ya mkwewe, alikaa. Alilia kwa sauti, kama watu wa mji ule wasivyolia, mdomo wazi, na Albina hakumwambia anyamaze.

Baadaye alijifuta kwa kiganja. "Kwenu mnakaa hivi?"

"Tunakaa hivi."

"Mnafanya nini?"

"Hatufanyi kitu, Baba. Tunakaa. Majirani wanakuja, nao wanakaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wachoke kukaa."

Mzee alifikiri. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa jambo la busara kidogo katika siku ya mambo ya ajabu.

Jiaming alirudi, kitambaa cheusi cha msiba bado kimefungwa mkononi, akawakuta sakafuni. Simu yake ililia mfukoni, pengine kuna watu wamekwama kwenye lifti mahali fulani katika mji ule mkubwa. Aliiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe. Kisha akavua viatu, na baba yake akasogea kidogo kumpa nafasi.